Kwenda Kilimanjaro ukitokea Tanga

SWALI: Shikamoo dada, mi na wenzangu watatu tuko Ngamiani, tunataka kuiona hifadhi ya Kilimanjaro, kileleni hatufiki. Tunaendaje na ndani kuna gari?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pandeni basi la Moshi la alfajiri, mtapita Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same, ila Moshi msifike, shukeni Himo njia panda maana hapo ndo kuna magari ya kupanda Marangu Mtoni, kutoka hapo bodaboda mpaka getini. Laleni Marangu, asubuhi ndo muingie, na vitambulisho msisahau, Mtanzania analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni.

Ndani ni miguu tu, tena na mwongozaji wa watalii. Safari ya siku moja inaishia kwenye vibanda vya Mandara, kama mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, njia yote msitu, matone yanadondoka kutoka kwenye ndevu za miti zinazoning'inia matawini hata kama mvua hakuna, na mbega wale weusi wenye mkia mweupe wanawachungulia juu. Mkifika na bado mna nguvu sogeeni kreta ya Maundi, shimo la volkano ya zamani, jamani msiiache, ni karibu. Masweta bebeni, joto la Tanga lisiwadanganye.