Skafu ya hariri yenye pindo la kanga: jinsi ya kuifua

Dada, umeuliza jinsi ya kufua skafu yako, nimekuelewa: ni ya hariri, mji wake (sehemu ya katikati) una nakshi ya korosho, pindo jekundu, unaivaa shingoni na kama kilemba, ila unaogopa itachuja. Kwanza bonyeza pamba nyeupe iliyoloa kwenye kona ya pindo kwa dakika moja. Pamba ikiwa nyekundu, usiifue skafu kabisa. Mpelekee dobi anayesafisha kwa dawa bila maji.

Ikibaki nyeupe, tia kijiko cha chai cha shampuu kwenye lita 3 za maji baridi, fua dakika 3, suuza. Usikamue, maana hariri ikiloa hudhoofika. Iviringishe kwenye taulo, anika kivulini, pasi ya moto mdogo upande wa ndani ingali na unyevu. Jiki ni marufuku: inakula hariri yenyewe.

Kilemba kikiteleza, tanguliza kofia ya pamba.