Picha kwanza, alama baadaye

Ninyi mnaoanza kufundisha modeli za akili unde kusoma picha za ubongo za wagonjwa wa MS (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mfumo wa neva na kuacha madoa kwenye ubongo), mwezi wangu wa kwanza ulikuwa wa furaha ya bure. Alama ya Dice, inayopima jinsi mchoro wa modeli unavyolingana na wa mtaalamu, ilipaa, nikajiona fundi. Kumbe vipande vya picha za mgonjwa mmoja vilikuwa vimeingia kwenye mafunzo na kwenye mtihani pia. Modeli ilikariri bongo za watu. Nilipogawa upya kwa mgonjwa badala ya kipande, alama ikaporomoka, nami nikaanza kazi upya.

Dice yenyewe ina upofu wake. Doa kubwa kando ya ventrikali (vyumba vya majimaji ndani ya ubongo) likichorwa vizuri, alama inapanda hata kama doa jipya la milimita 4 limeachwa. Na daktari anaulizia hilohilo dogo: kuna jipya tangu picha iliyopita? Jibu linaweza kumfanya abadilishe dawa. Basi hesabuni madoa moja moja, yaliyonaswa na yaliyoachwa.

Siku moja modeli ilipaka rangi doa karibu na shina la ubongo, kwenye FLAIR, aina ya picha ya MRI inayofifisha majimaji ili madoa yaonekane meupe. Lilikuwa jeupe hasa, nami nikalipitisha. Mtaalamu wa radiolojia akavuta kiti, akafungua T2 (aina nyingine ya picha ya MRI) ya siku ileile, akasogeza kipande hadi pale pale. Hapakuwa na kitu. "Haya ni majimaji yanayotiririka," akasema, akaendelea na chai yake. Tangu hapo siangalii FLAIR peke yake sehemu ile.

Mashine nazo zina hila. Modeli iliyozoea mashine ya MRI ya Tesla 3 (kipimo cha nguvu ya sumaku) na vipande vya milimita 1 hubabaika ikipewa Tesla 1.5 na vipande vya milimita 5. Mgonjwa akihamishiwa mashine nyingine, "madoa mapya" yanaweza kuzuka bila ugonjwa kusogea. Someni taarifa zilizo ndani ya faili ya DICOM (muundo wa faili za picha za hospitali) kabla ya kushangilia.

Kuhusu kusinyaa kwa ubongo, mtu mzima mwenye afya hupoteza takribani asilimia 0.1 hadi 0.3 ya ujazo wa ubongo kwa mwaka. Mwenye MS asiyetibiwa mara nyingi hufika 0.5 au zaidi. Kosa la kipimo linaweza kulingana na tofauti hiyo, na hata upungufu wa maji mwilini huivuruga. Namba ya mwaka mmoja, ya mgonjwa mmoja, mimi siipeleki kwa daktari.