Umefika Nairobi Juzi: Maswali Yenu, Majibu Yangu

Wiki hii karibu meseji zote ni za vijana waliovuka mpaka juzi juzi. Mimi nilitoka Tanga 2014 nikiwa na miaka 22, nikashuka hapa na begi moja na sikuwa na mtu ila binamu mmoja aliyekuwa anafanya kazi za usiku, so haya mnayouliza nimeyapitia yote. Tuanze.

*Dada shikamoo. Niko Mwanza, nakuja mwezi ujao kukaa kama miezi minne hivi kumtembelea kaka. Nahitaji viza?*

Marahaba mdogo wangu. Viza hapana. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunagongewa pasi ya mgeni bure na inaweza kufika miezi 6, lakini anayeandika ni afisa, kwa hivyo ukipitia Sirari usiondoke dirishani kabla hujafungua pasipoti ukasoma alichoandika. Usingoje ufike kwa kaka ndo ugundue umepewa mwezi mmoja. Ukiona ni chache ongea naye hapo hapo kwa adabu, mwambie unaenda kwa nani na unakaa muda gani. Ila kazi au masomo hiyo pasi haifanyi, hayo yana vibali vyake.

*Nimesajili laini na M-Pesa wiki hii. Jana nimepata meseji kwamba nimetumiwa 3,500, halafu jamaa akapiga akilia ati ametuma kimakosa nimrudishie haraka mtoto yuko hospitali. Nifanye nini?*

Usitume hata bob (shilingi) moja! Kwanza angalia hiyo meseji imetoka wapi, ya kweli inakuja kwa jina MPESA, siyo namba ya simu ya mtu. Pili angalia salio lako, maana hawa hukutumia meseji iliyoandikwa vizuri kabisa na pesa hakuna. Na hata ukikuta pesa imeingia kweli, mwambie atume hiyo meseji yake kwa 456, namba ya Safaricom wenye M-Pesa, hapo ndipo pesa ya kimakosa inarudishwa na wenyewe, wewe huna haja ya kuishika. Wanajua wageni wana huruma na wana haraka ya kuonekana watu wazuri, na kinachoniuma ni kwamba mgeni akishaliwa hivyo mara moja anaanza kuogopa kila mtu, hadi yule angemsaidia.

*Matatu zinanichanganya. Nauli asubuhi ni hii, jioni ni ingine. Naibiwa?*

Hapana, ndivyo zilivyo. Watu wakiwa wengi inapanda, mvua ikinyesha inapanda tena, hata sisi wa zamani tunalipa hivyo hivyo. Uliza kabla hujapanda, na makanga, yaani konda, akikujibu "finje" ni 50, "soo" ni 100, "mbao" ni 20, "thao" ni 1,000. Shika namba za njia kwanza: 46 ni Kawangware, 58 ni Buruburu, 111 ni Ngong, 125 na 126 ni Rongai, 34 inaenda uwanja wa ndege. Kaa na pesa ndogo ndogo mfukoni, ukitoa thao kwa nauli ya mbao utaambiwa chenji ngoja na unaweza kuisahau ukishuka. Simu usiitoe ukikaa dirishani, hasa gari ikiwa kwa jamu, mkono unaingia na kutoka hata hujageuka.

*Natafuta bedsita, chumba kimoja cha kupanga. Kuna mtu kanipigia anasema anayo nzuri lakini nitume dipoziti leo kabla mwingine hajaichukua. Nitume?*

Hapa nitakaa kidogo. Mimi nilitumia mtu dipoziti hivyo hivyo, wiki yangu ya pili. Alinionyesha nyumba kabisa, alikuwa na funguo, akafungua mlango, nikaona ukuta umepakwa rangi mpya bado inanuka, nikaona sinki, nikaona dirisha linaangalia upande wa jua nikafikiria pazia nitakalonunua. Nikalipa pale pale kwa simu. Jioni nikarudi na begi langu nikakuta familia ina watoto watatu wanapanga vyombo, wamelipa mwenye ploti (jengo la kupangisha) tangu Jumatatu, na yule jamaa alikuwa fundi wa rangi aliyebaki na funguo.

Tangu siku hiyo nina njia moja na ninaitumia kwa kila kitu mji huu. Uliza mtu ambaye kesho utamkuta pale pale. Mwenye duka la chini, mama mboga wa getini, soja (mlinzi) wa ploti, fundi wa viatu aliyekaa kona moja miaka. Huyo hawezi kukudanganya halafu ahame. Kabla hujalipa nyumba nenda kwa mama mboga, nunua nyanya, muulize hii ploti ni ya nani na kodi inalipwa kwa nani. Muulize maji huja siku gani, maana kuna ploti maji ni mara mbili kwa wiki na unatakiwa uwe na mitungi. Muulize kama kila nyumba ina tokeni yake ya stima, yaani umeme, au mnachangia. Halafu lipa mwenyewe au kwa akaunti yake, upewe risiti, na dipoziti iandikwe inarudi lini.

*Nimekuja na nguo za Dar na nasikia baridi sana, ni mimi tu?*

Si wewe. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi kweli. Nenda soko la Gikomba asubuhi na mapema ununue sweta na blanketi la mtumba, utapata nzuri kwa bei ya kawaida.

*Nikisema "naomba" dukani wananiangalia, wengine wanacheka. Na chakula hata majina siyajui.*

Hawakucheki kwa ubaya, Kiswahili chako kinawafurahisha, na wengine watakuambia rudia. Usikiache. Kwa chakula jua hivi, ndengu ya huku ni choroko ya kwenu, waru ni viazi, madondo ni maharage, dhania ni ile unayoiita kotmiri. Kibandani agiza chapo (chapati) madondo siku ya kwanza, inashibisha na haina siri.

*Dada, nina siku tisa hapa na sijaongea na mtu zaidi ya kununua kitu. Nyumbani nawaambia niko sawa. Usiku nalia.*

Mdogo wangu, pole sana. Mimi pia niliwaambia nyumbani niko sawa. Kwanza leo piga simu umwambie mtu mmoja ukweli, dada au mama, hatakufa kwa kusikia, na wewe utalala. Halafu usijaribu kutafuta marafiki kumi, tafuta mtu mmoja wa kukuona kila siku. Wangu alikuwa mama mboga. Nilikuwa nachukua sukuma ya mbao kila jioni, ananikatia hapo hapo, anakunja majani kwenye ngumi na kisu kinapita karibu na kidole hadi yanakuwa kama nyuzi, na mimi nasimama kumwangalia kwa sababu ndizo zilikuwa dakika tano pekee za siku nzima mtu anaongea na mimi. Siku moja sikushuka, nilikuwa na homa. Saa moja jioni nasikia hodi, kufungua ni mtoto wake, ana ndimu mbili kwa mfuko, ati mama anauliza mbona leo hujachukua mboga.

So kesho jioni shuka, nunua kitu kidogo mahali pamoja, na kesho kutwa hapo hapo. Mwambie jina lako na unakotoka, muulize lake. Wiki ijayo niandikie tena uniambie anaitwa nani.