Re: Mdogo wangu anajifunza Kijapani, mbona hasomi?

Salaam ndugu. Kwa hiyo mdogo wako yuko Chumbageni, Tanga, anafundishwa kwa WhatsApp na mwanafunzi wetu aliyeko Osaka, salamu anazijua ila karatasi ya mtihani hasomi.

Fungua daftari lake kwanza. Ukikuta "arigatou" (asante) kwa herufi zetu, shida ni hiyo. Aanze na herufi za Kijapani zenyewe: hiragana 46, kisha katakana 46, aandike kwa mkono, apige picha ukurasa, mwalimu amsahihishie. Matamshi hayatamsumbua Mswahili.

Akitaka kwenda Japani kulea wazee kwa viza ya ujuzi maalumu, upande wa lugha anahitaji JLPT (mtihani wa Kijapani) ngazi ya N4, au mtihani mwingine wa Kijapani uitwao JFT-Basic, na pia mtihani wa Kijapani cha kazi hiyo. Wengi huusahau huo.

Na jamani, msimpigie mwalimu saa tatu usiku. Kule ni saa tisa usiku. Saa kumi jioni inafaa.