Daini kitambulisho, lakini msimgeuze mwenye kura yake mlangoni

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, ni haki mpiga kura arudishwe nyumbani kwa kukosa kitambulisho chenye picha? Jibu langu ni hapana. Nasema hivyo nikiwa mtu niliyekulia Msambweni, pwani ya Kenya, ambako bila kitambulisho husajiliwi hata laini ya simu, na sasa naishi Leicester, Uingereza, ambako sharti hili ni jipya na linaumiza watu. Kudai kitambulisho sina neno nako. Ninachokataa ni mtu aliyemo kwenye daftari la wapiga kura, aliyekuja kituoni kwa miguu yake, kugeuzwa bila kupewa njia nyingine yoyote ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye.

Mpaka juzijuzi, kupiga kura England kulikuwa hivi: unaingia ukumbi wa shule au wa kanisa, unataja jina na anwani, karani anatafuta mstari wako kwa rula, anaukata, anakupa karatasi ya kura. Hakuna kadi, hakuna wino kidoleni. Mara ya kwanza nilisimama pale mezani nikingoja kuulizwa kitu kingine, na karani akaninyooshea mkono kunionyesha kibanda kilipo. Sheria ikabadilishwa 2022. Sharti la picha likaanza kutumika England nzima kwenye uchaguzi wa mabaraza ya mitaa wa Mei 2023, kisha uchaguzi mkuu wa Julai 2024 ukafanyika chini yake. Wales na Scotland wamekataa kuliweka kwenye chaguzi zao wenyewe, kwa hiyo mtu wa Cardiff, Wales, akija kumchagua diwani haonyeshi chochote, lakini akirudi kwenye ukumbi uleule kumchagua mbunge wa Westminster, yaani Bunge la Uingereza nzima, anadaiwa picha. Mtu ni yuleyule na daftari ni lilelile.

Wanaotetea sharti wana hoja, na sitaki kuipita juujuu. Ireland ya Kaskazini watu walikuwa kweli wakipiga kura kwa majina ya wengine, na malalamiko yalidumu miaka mingi. Kule kitambulisho kilianza kudaiwa 1985, na tangu 2003 lazima kiwe na picha. Pamoja na sheria hiyo ikatolewa kadi maalumu ya uchaguzi, bure, kwa yeyote asiye na pasipoti wala leseni. Penye ugonjwa, dawa ilitolewa. Upande wa England mfano unaotajwa zaidi ni Tower Hamlets, mashariki mwa London, ambako mahakama ilifuta 2015 uchaguzi wa meya wa mwaka uliotangulia kwa udanganyifu wa aina nyingi. Lakini humo ndani mlikuwamo pia uchafu wa kura za posta, na kura ya posta mpaka leo haidai picha ya mtu. Mwaka 2019, mwaka wa uchaguzi mkuu, Uingereza nzima alipatikana na hatia mtu mmoja tu kwa kosa la kujifanya mtu mwingine kituoni. Mmoja. Naelewa watakaosema kosa hili ni gumu kulinasa, na kweli ni gumu. Basi tuweke upande wa pili wa mizani tuone.

Mei 2023, kwa hesabu za Tume ya Uchaguzi ya Uingereza, watu wasiopungua 14,000 walifika kituoni wakakosa kupiga kura kwa sababu ya kitambulisho. Julai 2024 walikuwa kama 16,000. Hao ni wale waliofika mezani wakaandikwa kwenye fomu. Vituo vingine viliweka mtu wa kusimama mlangoni kuwakumbusha watu kabla hawajaingia, na aliyeambiwa pale akageuka zake hakuandikwa popote. Wapo pia waliobaki nyumbani kwa sababu walijua hawana kadi. Nikiweka maelfu hayo kando ya yule mmoja wa 2019, sioni jinsi ya kusema sheria hii imelinda kura nyingi kuliko ilizopoteza.

Nililiona kwa macho yangu. Nina jirani Mwingereza wa miaka hamsini na kitu, anafanya kazi usiku kwenye ghala. Hajawahi kusafiri nje, kwa hiyo hana pasipoti. Hajawahi kuendesha gari, kwa hiyo hana leseni. Kadi ya basi ya wazee, ambayo ingekubaliwa, umri wake haujafika. Mei ile ya 2023 alipitia kituoni asubuhi akitoka kazini, nami nikiwa nyuma yake kwenye foleni. Karani alimsalimia kwa jina, akamuuliza mama yake anaendeleaje, kisha akamwomba kitambulisho. Akatoa kadi ya benki. Akatoa barua ya kodi ya baraza yenye jina na anwani ileile iliyokuwa kwenye daftari mbele ya karani. Akatoa kadi ya kazini yenye sura yake waziwazi, lakini kadi ya mwajiri haimo kwenye orodha. Karani alikuwa na haya usoni. Alisema, "Nakujua vizuri, lakini kukujua kwangu hakuhesabiwi." Jirani akaikunja barua yake, akaenda kulala, maana usiku alikuwa na zamu nyingine. Kura yake ya uchaguzi ule haikupigwa.

Mtasema angeomba cheti cha bure. Kipo kweli, kinaitwa Voter Authority Certificate. Unaomba kwa picha na namba yako ya bima ya taifa. Lakini maombi yanafungwa saa kumi na moja jioni, siku sita za kazi kabla ya uchaguzi, na mtu wa namna hii ndiye habari humfikia mwisho. Hakuwa mzembe. Alikuwa akipiga kura hapo tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumdai kitu.

Orodha yenyewe nayo ina upogo unaoniudhi. Kadi ya usafiri ya mtu wa miaka 60 na zaidi inakubaliwa, ya kijana wa miaka 18 haikubaliwi, ingawa zote mbili zina picha. Serikali iliyoitunga ilijitetea kwamba utoaji wa kadi za vijana haukaguliwi kwa ukali uleule. Huenda. Lakini matokeo ni kwamba mzee anapita kwa kadi ya basi na mjukuu wake anarudishwa. Boris Johnson, ambaye serikali yake ndiyo iliyoipitisha sheria hii, aligeuzwa naye kituoni Mei 2024 kwa kusahau kitambulisho. Alirudi nacho akapiga kura. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka huohuo, kama theluthi mbili ya waliogeuzwa walirudi kama yeye. Mimi naifikiria ile theluthi iliyobaki: aliyeomba ruhusa ya nusu saa kazini, aliyembeba mtoto kwenye mvua, mgonjwa aliyekodi teksi ya kwenda na kurudi mara moja tu.

Sasa nije kwetu, maana najua wasomaji wengi watasema Kenya na Tanzania tumezoea, tatizo liko wapi?

Kenya, siku ya kura unakuja na kitambulisho cha taifa au pasipoti uliyojisajilia, ile halisi. Basi swali la nani anapiga kura linaanza miaka mingi kabla, kwenye ofisi ya kutoa vitambulisho. Nilisoma shule ya msingi na watoto wa Kimakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wao wakazaliwa Kwale, wanasema Kidigo kama sisi. Tulipofika miaka 18 sisi tukaenda kuchukua vitambulisho, wao wakabaki. Bila kadi hakuna kazi ya kuandikwa, hakuna akaunti, na kituo cha kura hawakukifikiria hata kidogo. Oktoba 2016 Wamakonde walitoka Kwale kwa maandamano hadi Nairobi kumwona Rais, na Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe uraia na vitambulisho. Agosti 2017 wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Wapemba wa pwani ya Kenya walisubiri mpaka 2023 kutambuliwa. Na Wanubi wa Kibra na Wasomali wa kaskazini wanajua kilichoitwa kupigwa msasa: kijana aliyezaliwa Kenya anaketishwa mbele ya kamati, anaulizwa hati za babu yake. Februari 2025 Rais Ruto alitia saini agizo la kuufuta utaratibu huo, na namwomba Mungu ufutike kweli huko ofisini.

Tena babu zetu walilazimishwa na Mwingereza huyuhuyu kuvaa kipande, kile kitambulisho cha wakati wa ukoloni, shingoni ndani ya kikopo cha chuma, ili serikali ijue kila mwanamume Mwafrika yuko wapi na anamfanyia nani kazi. Kadi imekuwa chombo cha kumzuia mtu kwa muda mrefu sana kwetu. Ndiyo maana nikisikia "kila mtu ana kitambulisho" huwa nauliza, kila mtu nani?

Na kuna jambo la mashine. Tangu 2017 vituo vya Kenya vina vifaa vya KIEMS vinavyosoma alama za vidole. Mama akiacha kitambulisho nyumbani, kidole chake bado kimo ndani ya mashine ile, na kidole ni ushahidi mkubwa kuliko kadi inayoweza kuazimwa. Kwa nini asiweke kidole, picha yake ikatokea, mawakala wa vyama wakaiona, akapewa karatasi yake? Sioni mwizi atakayepenya hapo. Namwona mwanamke wa Lungalunga aliyetembea kutoka shambani na ambaye hana nauli ya kurudi mara ya pili.

Tanzania katika hili wana jambo la kuigwa. Kadi ya mpiga kura ikipotea au kuharibika, mtu aliyemo kwenye daftari anaruhusiwa kutumia pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha taifa cha NIDA, mradi majina yalingane. India wanakwenda mbali zaidi: asiye na kadi ya mpiga kura ana orodha ndefu ya hati mbadala, hata kitabu cha benki au cha posta chenye picha, hata kadi ya kazi ya mradi wa ajira vijijini. Aliyeandika orodha hiyo alimfikiria maskini wa kijijini kwanza.

Lakini ninaoupenda hasa ni utaratibu wa Kanada. Asiye na hati anaandika tamko la jina na anwani yake, na mpiga kura mwingine wa kituo hichohicho anayemjua anamdhamini. Mdhamini lazima athibitishe yeye mwenyewe ni nani na anakaa wapi, na anaruhusiwa kumdhamini mtu mmoja tu. Akidanganya, sheria ina jina lake na saini yake. Kwa utaratibu huo jirani yangu asingekwenda kulala bila kupiga kura. Mimi nilikuwa nyuma yake na pasipoti mkononi. Ningemdhamini palepale, na wala foleni isingechelewa.

Julai 2025 serikali ya sasa ya Uingereza ilitangaza nia ya kukubali kadi za benki. Naunga mkono, ingawa kadi ya benki haina picha, na kwa hatua hiyo wenyewe wamekiri kwamba picha haikuwa ya lazima kiasi kile. Bado nataka na udhamini uwekwe, kwa sababu wasio na benki nao wapo, na mara nyingi ndio haohao wasio na pasipoti.

Nikimalizia, nina neno kwa Waafrika Mashariki wenzangu tulioko huku, maana nakutana na wengi wasiojua. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ni raia wa Jumuiya ya Madola, na mwenye ruhusa halali ya kuishi Uingereza anaweza kujiandikisha na kupiga kura hata ya ubunge, hata kama ni mwanafunzi. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Oman, kwa bahati mbaya, hilo haliwahusu mpaka wapate uraia. Pasipoti yako ya Kenya au ya Tanzania inakubaliwa mezani, hata ikiwa imekwisha muda, mradi sura bado inafanana. Hakikisha majina uliyojiandikishia ni yale ya kwenye pasipoti. Kama uliolewa ukabadili jina, chukua cheti cha ndoa. Dada anayevaa niqabu ana haki ya kuomba aangaliwe faragha na karani wa kike. Kujiandikisha kunafungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, na ukiwa umeshaingia foleni ilipogonga saa nne, una haki ya kupiga kura, usikubali kuondolewa.