Anga kufunguliwa si ndege kuruka
Shemeji, umeuliza kwa nini safari ya binti kwenda Muscat imefutwa ilhali anga iliyofungwa kwa ajili ya vita imeshafunguliwa. Nchi hufungua anga, ila kuruka huamua shirika la ndege lenyewe: bima ya vita hupanda ghafla, na kuzunguka mbali kunakula mafuta. Mwaka 2014 Ukraine ilifunga anga ya mashariki hadi futi 32,000 tu, juu yake ikabaki wazi. Ndege ya abiria MH17 ya Malaysia ikapita futi 33,000, ikatunguliwa, watu 298 wakafa.

Jana nimemkuta binti hapa Mtwara amekalia begi, korosho za zawadi kazifunga kwenye kanga. Imeniuma sana. Bora asubiri, jamani! Na asiikubali haraka vocha, yaani hati ya kusafiri siku nyingine badala ya pesa; adai nauli yake kwanza, maana shirika ndilo lililofuta.