Nawapeleka watoto kuchota maji, wazazi wanataka wakariri

*Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu.*

*Nafundisha darasa la Kipaimara katika kigango kimoja nje ya Malindi, njia ya Ganda. Nina watoto 18, wa miaka 13 hadi 15. Tangu Pasaka, kila Jumamosi tukimaliza somo tunakwenda kwa nyanya mmoja anayeishi peke yake na kushona makuti ya kuuza. Wavulana wanamchotea maji, mitungi minne ya lita 20, wasichana wanaosha vyombo na kufagia. Mwezi huu wazazi watatu wamewatoa watoto wao. Wanasema mtihani u karibu na watoto hawajui hata vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Baba mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Unawapeleka watoto wetu wapi?" Mwenyekiti wa jumuiya ananishauri niache mambo ya maji nifundishe kitabu. Je, niache? Nilisahau kusema: nyanya huyo ana mvi na macho mekundu, na wapo wanaomsema vibaya.*

*Katekista, Malindi*

Milele na milele, amina.

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na swali lenyewe nimelikuta mkiani, pale ulipoandika "nilisahau kusema". Hukusahau. Nitafika huko.

Nianze na jepesi. Hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada, uchaji wa Mungu. Hivyo ndivyo vipaji saba, na watoto lazima wavijue. Hapo wazazi wana haki na usibishane nao. Ni kazi ya Jumamosi mbili, ukitunga wimbo ni moja. Nimefundisha somo la dini shuleni miaka 31 na sijaona mtoto aliyeshindwa kushika majina saba huku akijua wachezaji kumi na mmoja wa timu yake na wa akiba juu.

Yule baba aliyekuuliza mbele ya watu alikuudhi, naona. Mimi namtetea. Sisi watu wa Malindi tunajua yaliyotokea Shakahola mwaka 2023, wafuasi wa mhubiri mmoja walipofunga hadi kufa. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, na mingi ilikuwa ya watoto. Watoto walitolewa shule na kutengwa na majirani kwa jina la Yesu huyu huyu tunayemfundisha wewe na mimi. Baada ya hapo, mzazi wa huku asiyeuliza "mnawapeleka wapi?" ndiye wa kutiliwa shaka. Mjibu kwa kumpeleka. Mwambie, "Baba, Jumamosi saa nne tunatoka kigangoni, njoo tuandamane." Msiende bila watu wazima wawili, paroko awe anajua, mzee wa mtaa awe anajua. Na jamaa za nyanya, kama wapo, waulizwe kama wameridhia. Hata shule za serikali, zilipoingiza mafunzo ya huduma kwa jamii katika mtaala mpya, hazikusema mwalimu abebe watoto kimyakimya.

Sasa hilo la kuacha. Miaka ya tisini nilikuwa na kikundi cha wanafunzi, tukaenda wodi moja ya wanawake na sabuni za kipande, sukari nusu nusu, na nyimbo tatu. Tulipiga picha. Wakati wa kutoka, mama mmoja mzee alinishika kiganja akauliza, "Mtarudi lini?" Nikasema, "Karibuni tu, mama, Mungu akipenda." Hatukurudi. Muhula uliisha, basi la shule likaharibika, sababu hazikukosekana. Wale wanafunzi nilikuwa nimewafundisha Mathayo 25 wiki hiyo hiyo, nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama, na wakaisema bila kosa. Ila walichojifunza kwangu siku ile ni kwamba maskini ni mtu wa kutembelewa mara moja, na sabuni. Wewe tangu Pasaka unarudi nyumba ile ile, kwa mtu yule yule. Usiache.

Ila kuna jambo moja ningebadilisha. Watoto wako wanakwenda kutoa tu. Nyanya anakaa mlangoni anatazama kazi zake zikifanywa na watoto wa watu, na mtu mzima aliyejitegemea maisha yake yote hilo humtia aibu hata akisema asante. Mwombe awafundishe makuti. Mimi nilifundishwa na nyanya yangu: unalikunja jani juu ya ufito, unaliweka la pili lilalie la kwanza, unapitisha kamba, unavuta. Ukivuta kidogo, mvua inapita. Ukivuta sana, jani linachanika. Alikuwa hasemi kitu. Aliinua kuti langu juani, akiona matundu ya mwanga, akalifumua lote. Nilifumuliwa matano kabla la sita halijakubaliwa. Wakifumuliwa na huyo nyanya wataacha kumwona kama mradi wa Kipaimara, wataanza kumwita hawe, kama wanavyowaita nyanya zao wa Kigiriama.

Na ukitaka kitabu na maji vikutane, wapeleke siku moja kile kikanisa cha Wareno karibu na nguzo ya Vasco da Gama. Kimeezekwa makuti hadi leo. Mmisionari Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Katika barua yake ya safari anaeleza kwamba mwenzao mmoja alifia hapa, wakamzika, na Waislamu wa mji walipendezwa na namna Wakristo wanavyowazika wafu wao. Hebu fikiri: mhubiri mkubwa namna ile, na kilichowagusa watu wa Malindi ni kaburi lililochimbwa vizuri. Hapo hapo waulize matendo saba ya huruma ya mwili. Sita watayapata katika Mathayo 25. La saba, kuzika wafu, watakuwa wamesimama kando ya makaburi ya kikanisa hicho.

Haya, mkia wa barua.

Kilifi yetu imezika wazee wengi waliouawa kwa kuitwa wachawi, mvi na macho mekundu vikifanywa ushahidi, na aghalabu ukifukua chini ya neno "mchawi" unakuta ugomvi wa shamba. Kwa hiyo wale wazazi watatu, nadhani, hawaogopi mtihani. Wanaogopa nyumba ile, na hawawezi kulisema hilo kanisani, wanasema vipaji saba. Sasa angalia. Watoto wako wameingia jikoni mwa huyo nyanya. Jiko la mafiga matatu, kuni mbichi, dirisha hakuna. Wametoka wakifuta macho, sivyo? Basi wao 18 wanajua kwa nini macho yake ni mekundu. Mwenyekiti wa jumuiya hajui, maana hajawahi kuinama mlango ule. Hiyo ni elimu, na ni ya dini kabisa: amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo, na watoto hao wameshakuwa mashahidi wa kweli.

Lakini usiwafanye ngao. Maneno yakizidi, ni kazi yako na ya padri kwenda kwa chifu, kwa jina na kwa maandishi, si kazi ya mtoto wa miaka 13. Wala msimpelekee nyanya mahubiri. Hujaniambia anasali wapi na sihitaji kujua. Akiwa na jirani Mwislamu anayemletea uji, gawaneni siku naye.

Na mwenyekiti? Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wa AMECEA, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, nia ilikuwa Kanisa liishi mtaani, kati ya majirani wanaojuana. Zetu nyingi zimebaki daftari la michango na zamu ya chai. Usimwambie hivyo, mwambie jumuiya isali siku moja uani kwa huyo nyanya. Watu wazima kumi wakikaa juu ya mkeka wake mchana, mtaa mzima utaona. Akikataa, mwombe paroko aseme yeye.

Jambo la mwisho, dogo, limenikera tangu mstari wa nne wa barua yako. Jumamosi ijayo wasichana wabebe mitungi, wavulana waoshe vyombo. Sufuria ya ugali iliyogandia huroweshwa kwanza kabla ya kusuguliwa. Waambie, maana hawajui.